Penina Nthoki Nzivo (1956–2025), Msomaji wa Barazani Mbotela

Alhamisi tarehe 6 Machi 2025 ilikuwa siku ya kawaida. Penina aliamka kabla yangu, akachemsha chai, akafungua mlango wa mbele ili mwanga uingie. Mimi nilikaa barazani na msasa, nikilainisha vijiko vya mti wa mwarubaini. Yeye alivaa miwani yake akasoma kuanzia pale tulipokuwa tumefika. Kitabuni kulikuwa na mwalimu wa watoto wa kanisa ambaye ndugu yake alimnyang'anya shamba. Kila Jumapili anafundisha watoto kusamehe, na yeye mwenyewe hawezi. Nikauliza, "Sasa atamsamehe huyo ndugu?" Akasema, "Baba Kavinya, hiki kitabu tulikianza pamoja. Unafikiri mimi najua?" Nikamwambia aangalie mwisho. Akakataa. Alisoma kurasa nane, akaweka uzi mwekundu katikati, akaenda kununua sukuma wiki.

Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama tulivyozoea. Mimi mumewe, Nzivo Maingi, sikusoma shule. Haya ni maneno yangu, mtoto wetu Kavinya ameyaandika na yeye ndiye anayeyasoma. Nimemwambia asiruke mstari.

Penina Nthoki alizaliwa tarehe 19 Agosti 1956 huko Tawa, Mbooni, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Ndeto na marehemu Mama Kalunde. Alianza shule mwaka wa 1964, shule ya misheni karibu na kwao. Jioni alikuwa akimsomea Biblia nyanya yake, ambaye macho yalikuwa yameisha, na huyo nyanya alikuwa mkali. Mtoto akisoma haraka alimgonga mguu kwa bakora na kumwambia, "Watu hawa walilia miaka, na wewe unataka kuwamaliza kabla ya ugali?" Penina alisema kusoma kwa sauti alifundishwa na hiyo bakora, si na mwalimu. Mwaka wa 1970 alifanya mtihani wa darasa la saba akapita. Nafasi ya sekondari ilipewa kaka yake. Hakulalamika, lakini hakusahau pia.

Tulikutana mwaka wa 1975 katika soko la Tawa. Nilikuwa nimetoka kwetu Wamunyu na viti vya miguu mitatu. Mzungu mmoja wa misheni alikuwa ameniandikia barua, nami nilikuwa nimetembea nayo mfukoni wiki mbili nikiona aibu kumpa mtu. Nikampa huyo msichana kwa sababu alikuwa mgeni kwangu. Alisoma, akanitazama, akasema, "Anataka viti kumi na viwili kwa ajili ya kanisa. Ameandika tarehe. Ilikuwa jana." Nikakaa chini. Akacheka mpaka watu wakageuka. Tulioana tarehe 11 Desemba 1976. Kabla ya harusi nilimwambia ukweli, kwamba sijui hata herufi moja. Akasema, "Basi wewe utachonga, mimi nitasoma, na hakuna atakayekaa bure." Tulikuja Nairobi mwaka wa 1977, mimi nikachonga katika soko la Gikomba, tukapata nyumba mtaa wa Mbotela, na hapo ndipo tumekaa mpaka leo. Mungu alitupa watoto watatu.

Mwaka wa 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapisha vitabu, Industrial Area, kukunja karatasi na kuzishona. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Karatasi hazikuja kwa mpangilio. Leo anakunja katikati ya kitabu, wiki ijayo anakunja mwanzo. Alikuwa anasoma huku mikono inakunja, kwa hivyo alijua mtu amekufa kabla ya kujua amezaliwa. Ndiyo sababu, alipoanza kununua vitabu vyake mwenyewe, alikataa kabisa kuangalia mwisho.

Mtoto wetu wa tatu, Mumo, alifariki tarehe 2 Februari 1988 kwa surua. Alikuwa na miaka minne. Watu wa kanisa walikuja, wakamwambia Penina asilie, eti Mungu amechukua ua lake. Penina aliacha kwenda kanisani. Mwaka mmoja na zaidi.

Kilichomrudisha kilikuja kiwandani mwaka wa 1989, karatasi za hadithi ya siku hizi hizi, kuhusu mama Mkristo aliyezika mtoto akamkasirikia Mungu, na anamwambia hivyo kila asubuhi, na bado anamwambia. Penina alilia juu ya mashine ya kushona. Nyapara akakimbia akidhani amejikata, akamfunga kidole bandeji. Penina alikaa na hiyo bandeji siku tatu, kidole kizima, ili asiulizwe. Aliniambia hakuna mtu kanisani aliyewahi kumweleza kwamba unaweza kumkasirikia Mungu na bado ukawa wake. Jumapili iliyofuata alivaa viatu akaenda.

Kwa hivyo wanaosema vitabu hivyo vilimtoa kwa Mungu, wajue vilimleta.

Kazi iliisha mwaka wa 2005 mashine ya kukunja ilipofika. Tangu hapo kila Jumamosi alasiri alisoma barazani kwetu. Alinisomea mimi kwanza, halafu majirani wakaanza kuja na kazi zao, huyu na njegere za kutoa maganda, huyu na mtoto wa kusuka nywele. Vilikuwa vitabu vya Wakristo wa kawaida wenye shida za kawaida: mwanakwaya anayekunywa kwa siri, mchungaji aliyeogopa kuombea mtoto wake. Alivisoma kwa Kiswahili hata kama kitabu ni cha Kiingereza. Fowsiya wa duka la vitambaa ni Mwislamu na hakukosa hata Jumamosi moja. Akitoka kuswali alikuja na kiti chake. Ndiye aliyekuwa anabishana na kitabu. "Mama Kavinya, mwambie huyo mwanamke aondoke kwa bwanake!" Penina anamjibu, "Fowsiya, mimi nasoma tu, sikumuoza mimi." "Basi soma haraka aondoke!"

Kanisani alichaguliwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama mwaka wa 2011, akavaa kitambaa cheupe cha kichwani chenye ukingo wa buluu. Wale ambao si wa kwetu wajue: mama wa Umoja akifariki, kitambaa chake huwekwa juu ya jeneza na wenzake wanamwimbia mpaka kaburini. Asiye na kitambaa haimbiwi. Anazikwa kama mpita njia.

Sasa nitasema kwa nini leo hakuna kitambaa juu ya jeneza hili. Wengine wameniambia mazishi si mahali pa kusema. Nitasemea wapi? Kwenye kikao cha wazee hawakuniita.

Kanisani kwetu kuna sanduku la maombi karibu na mlango. Mwenye shida anaandika kwenye karatasi bila jina lake, anatumbukiza, Jumapili inasomwa, na kanisa linaomba. Tarehe 15 Mei 2022 ilisomwa karatasi hii: "Tumwombee Salome. Bwanake anampiga. Ana mimba ya miezi saba. Ameacha kuomba kwa sababu anaona Mungu anasikiza upande wa bwanake." Mzee Muthama, mwenyekiti wa wazee, akatangaza siku tatu za kufunga. Tulifunga. Hata mimi nilifunga, na nina vidonda vya tumbo.

Penina alikuwa amenishika mkono kwenye benchi. Mimi na yeye tulimjua Salome. Alikuwa mtu wa kitabu tulichokuwa tunasoma Jumamosi.

Nilimuuliza kama tutasema. Akasema, "Aliyeandika ana sababu. Waache waombe."

Jumapili iliyofuata, tarehe 22, Mzee Muthama alishika kipaza sauti akasema, "Wapendwa, maombi yanafanya kazi. Nimeongea na dada Salome kwa simu. Alilia sana, lakini anaendelea vizuri. Anawasalimu." Kanisa likapiga makofi. Na Penina akacheka. Hakutaka. Alijiziba mdomo na kile kitambaa, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na kanisa letu lina mabati, linasikika.

Juma hilo Mzee Muthama alipita dukani kwa Fowsiya, akamweleza habari za Salome. Fowsiya alisema, "Salome? Mwenye mimba? Huyo si yule wa kitabu cha Mama Kavinya?" Fowsiya amelia sana juu ya jambo hilo. Namwambia mbele ya watu wote: mama, wewe hukukosa.

Tarehe 12 Juni 2022 Penina aliitwa mbele ya kikao. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia hivi.

Mzee Muthama aliuliza, "Mama, Salome ni nani?"

"Ni mtu wa kitabu."

"Kwa hivyo kanisa zima limefunga siku tatu kwa ajili ya mtu ambaye hayuko?"

"Mlifunga kwa ajili ya mwanamke anayepigwa. Huyo yuko."

"Yuko wapi?"

"Si uliongea naye kwa simu, Mzee?"

Halafu wakamwambia ameingiza uongo katika nyumba ya Mungu, asimame Jumapili aombe msamaha, na aache kusomea akina mama hadithi. Akasema hakuandika ile karatasi. Wakasema, basi taja aliyeandika. Akasema hatataja. Wakadai kitambaa. Alikivua, akakikunja mara nne vizuri kama karatasi ya kiwandani, akakiweka mezani, akatoka. Mimi nikasimama tukaenda nyumbani. Jumamosi iliyofuata alisoma.

Hapo mbele ya hicho kitabu kumeandikwa kwamba watu wake wote ni wa kubuni. Alinisomea hata huo mstari, yeye hakuacha kitu. Kitabu kilisema ukweli kwamba ni hadithi. Ile simu ya Mzee Muthama haikusema.

Hakuhama kanisa. Miaka miwili na miezi tisa alikaa benchi ya mwisho, bila kitambaa, akiimba sauti ya pili kama kawaida. Nilimuuliza mara mbili ni nani aliyeandika. Akasema, "Hiyo si yangu kusema." Mara ya tatu sikuuliza.

Ugonjwa ulianza siku ile ile ya tarehe 6 Machi. Alirudi na sukuma wiki, akashindwa kupanda ngazi moja ya baraza. Miguu ilikuwa imevimba. Tulimpeleka hospitali ya serikali, daktari akasema moyo umepanuka, umechoka kusukuma. Alilazwa siku kumi na tisa. Saa za kuona wagonjwa akina mama walikwenda kumsomea, kwa zamu. Jirani yetu Waringa alisoma vibaya kuliko wote, alikuwa na haraka. Penina anamwambia kutoka kwenye mto, "Waringa, hapo kuna alama ya kuuliza. Uliza basi." Waringa anauliza. "Eeh. Sasa nimesikia." Alifariki Jumanne tarehe 25 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Nilikuwa nimemshika mkono.

Ijumaa tarehe 28 Mzee Muthama alikuja nyumbani. Alikuwa mpole. Alisema, "Mzee Nzivo, tunataka Mama apate heshima yake. Kitambaa kitarudi, Umoja utaimba. Ila kwa wasifu mwandike kwamba siku za mwisho alitubu akarudi kwa Bwana. Na hayo mambo ya hadithi myaache."

Nikamuuliza, "Arudi kutoka wapi?"

"Mzee, unajua."

"Sijui. Alikuwa benchi ya mwisho. Kutoka hapo mpaka kwa Bwana ni mbali kiasi gani?"

Akasema nifikirie. Nimefikiria. Nilimpenda huyu mama miaka arobaini na tisa na ningependa aimbiwe. Sijui kama kuna kitu nilitaka zaidi ya hicho. Lakini siwezi kumnunulia wimbo kwa uongo, na yeye hawezi kunijibu. Nilimwambia Kavinya aandike: Penina Nthoki hakutubu juu ya kusoma, kwa sababu halikuwa kosa.

Jumapili tarehe 30, tukiwa matangani, hema limejaa, Waringa alisimama. Yeye mwenyewe ameniruhusu nitaje jina lake. Alisema, "Ile karatasi ya Salome niliandika mimi."

Akaendelea.

"Nilijua ni kitabu. Mimi si mjinga. Lakini jina langu ningeandikaje, na bwanangu yuko kwaya? Nikaandika la Salome. Siku tatu mlizofunga, mlikuwa mnaniombea mimi. Siku ya nne nilichukua mtoto nikaondoka kwake. Mama Kavinya alipoitwa nilimwendea, nikamwambia, 'Mama, wakijua ni mimi, bwanangu pia atajua.' Akaniambia, 'Basi hawatajua.' Akaenda. Akarudi kichwa wazi. Huyo mwanamume sasa ameshatoka Mbotela, na mimi nimechoka kunyamaza."

Watu wakabaki wanalia. Halafu Fowsiya akasema kutoka mlangoni, "Sasa yule Mzee alimpigia nani simu?" Mungu atusamehe, hema lote lilicheka, na mimi pia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Jumanne.

Jumatatu Mzee Muthama alituma ujumbe. Kikao hakijakaa, uamuzi ni ule ule.

Akina mama wa Umoja walikaa bila kikao, kando ya sufuria za jikoni kwangu. Wako ishirini na watatu. Walisema kama Mama hana kitambaa, wao pia hawana. Kwa hivyo leo, Ijumaa tarehe 4 Aprili 2025, hapa Wamunyu, ukiwaona wamesimama kando ya kaburi vichwa wazi, usiwatazame vibaya na usifikiri wamesahau. Vitambaa vyao wameviacha Mbotela, na wataimba. Atakayetaka kuwavua kitu kingine aende akawaambie yeye mwenyewe.

Penina Nthoki ameniacha mimi mumewe. Ameacha watoto wawili, Kavinya na Maingi, mkwe wake, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Ameacha dada yake Kamene na kaka yake Ndambuki, ambaye alikwenda sekondari. Ameacha Waringa, aliyemwita mama, na Fowsiya, ambaye ana kiti chake barazani na hakitaondolewa. Alitanguliwa na mtoto wetu Mumo. Jumamosi ya wiki ijayo kutasomwa kwetu kama kawaida, na Waringa ndiye atakayesoma.

Mungu amlaze vizuri huyu mama. Amechoka, apumzike.

Jambo moja limebaki. Imesemwa Mbotela kwamba alitubu hospitalini mbele ya Mzee Muthama, Ijumaa tarehe 21 Machi. Nilikuwepo, nimekaa upande wa miguu. Mzee aliinama akamwambia, "Mama, wakati umekuwa mfupi. Kuna neno ungependa kumwambia Mungu, nikusaidie?" Penina alipapasa chini ya mto akatoa kitabu. Alimjibu hivi, sikuongeza wala sikupunguza:

"Na Mungu nilishaongea, Mzee. Nimebakisha wewe. Vuta kiti nikusomee."